Kulea na kuwaachia vipepeo nyumbani: Somo la usafi na huruma kwa watoto



Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, wakubwa kwa wadogo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake.

Ndugu msomaji, iwapo unaishi Tukuyu au popote katika Wilaya ya Rungwe, hakika huna haja ya kuelezwa habari za mvua. Mji wetu upo katika mwinuko wa zaidi ya meta 1,500, chini ya Mlima Rungwe, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa rehema hiyo ya Allah ardhi yetu ni ya kijani mwaka mzima: migomba, chai, kahawa, maparachichi, na karibu kila ua lina mlimau au mchungwa wake. Palipo na majani pana viwavi, na palipo na viwavi pana watoto wanaowachokonoa kwa vijiti.

Mtoto huyo anayechokonoa kiwavi ndiye aliyetufanya tuandike makala hii. Wazazi wengi tukimkuta katika hali hiyo huwa tunafanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunamkemea atupe mdudu huyo mara moja, ama tunamwacha aendelee bila ya kumtazama. Yote mawili yana kasoro. Ukimkemea tu, hajifunzi kiwavi yupi ana madhara na yupi hana, na kesho atamshika wa hatari ukiwa haupo. Ukimwacha, huenda akaumia yeye, au akakua na mazoea ya kutesa viumbe kwa mchezo. Ipo njia ya tatu, nayo ni kumlea kiwavi asiye na madhara pamoja na mtoto, kwa usafi na utaratibu, mpaka awe kipepeo, kisha kumwachia aende zake.

Je, sheria inasemaje?

Swali la kwanza kwa Muislamu ni kama jambo linaruhusiwa. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (RA), mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr alikuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Mtume (SAW) hakumkataza, bali alikuwa akimtania na kumuulizia habari za ndege wake. Wanazuoni wengi wamechukua kutokana na hadithi hiyo kwamba inajuzu mtoto kufuga kiumbe mdogo, kwa sharti asiteswe na asinyimwe chakula.

Sharti hilo si dogo. Bukhari na Muslim pia wamepokea habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia. Hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Aidha, Abu Daud amepokea kuwa baadhi ya masahaba waliwachukua makinda ya ndege safarini, mama yao akawa anapapatika juu yao, na Mtume (SAW) akaamuru makinda yarudishwe. Hivyo basi, anayemfungia kiumbe ndani ya boksi amebeba amana. Asiyeweza kumlisha kila siku asimchukue.

Na Allah (SW) ametufahamisha katika Surat Al-An'aam, aya ya 38, kuwa wanyama watembeao ardhini na ndege warukao kwa mbawa zao ni umma mfano wetu sisi. Mtoto anayefahamu maana ya aya hii kwa kumtazama mdudu akikua mbele ya macho yake hataisahau kirahisi.

Jambo la kutahadhari hapa ni itikadi potofu. Wapo wanaosema kipepeo akiingia nyumbani ni ishara ya mgeni, na yule mkubwa mweusi wa usiku ni roho ya marehemu au ni mkosi. Haya hayana msingi. Mtume (SAW) amekanusha mambo ya nuksi na mikosi ya ndege na mfano wake. Yule mkubwa wa usiku ni nondo, amevutwa na taa. Mfungulie dirisha atoke.

Kiwavi yupi achukuliwe, yupi aachwe

Hapa ndipo penye hatari, hivyo tunaomba wazazi wasome kwa makini.

Kiwavi anayefaa zaidi kwa mazingira yetu ni yule wa kwenye mlimau, mchungwa na mndimu. Akiwa mdogo ana rangi ya kahawia yenye mabaka meupe, na ukimtazama haraka utadhani ni kinyesi cha ndege kilichoangukia jani. Hiyo ni kinga aliyopewa na Muumba wake, maana ndege hali kinyesi. Akikua anageuka kijani chenye mabaka ya kahawia, mwili laini usio na manyoya. Ukimgusa anachomoza nyuma ya kichwa chake pembe mbili laini zenye rangi kali na harufu nzito. Pembe hizo hazichomi wala hazina sumu kwa mtu. Ni za kufukuzia sisimizi na maadui wengine. Huyu atakuwa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa mengi ya manjano, ambaye kila mkazi wa Rungwe amemwona akiruka bustanini.

Kiwavi wa kuachwa kabisa ni yeyote mwenye manyoya, vinyweleo au miiba, hata akiwa mzuri kiasi gani. Manyoya hayo hukatika na kuingia katika ngozi, yakaleta muwasho, uvimbe na vipele. Yakiingia jichoni yanaweza kuchoma na kubaki humo, na hilo ni jambo la hospitali. Mfundishe mtoto kanuni fupi: "Mwenye manyoya haguswi."

Waachwe pia viwavi wenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano wanaokaa kwenye mimea inayotoa utomvu mweupe kama maziwa. Kiwavi mwenyewe hachomi, lakini utomvu wa mimea hiyo ukiingia machoni huleta maumivu makali, na ukiliwa ni sumu. Kwa watoto wadogo hakuna haja ya kujitia katika tabu hiyo ilhali mlimau upo.

Na kwa hali yoyote msichukue mdudu wala mmea kutoka ndani ya hifadhi bila ya kibali. Msitu wa Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, na humo anaishi tumbili aina ya kipunji, ambaye habari zake zilitangazwa duniani mwaka 2005. Mlimau wa uani unatosha.

Tahadhari ya dawa za mashambani

Kabla ya kuchuma hata jani moja, uliza kama mti huo au shamba la jirani limepuliziwa dawa. Rungwe ni wilaya ya wakulima, na dawa za kuua wadudu hupuliziwa kwenye viazi, kahawa na mboga. Upepo huzipeperusha hadi kwenye miti ya uani. Kiwavi akila jani lenye dawa atakufa usiku huo huo, na kuliosha jani kwa maji hakutoshi. Zaidi ya kiwavi, fikiria mkono wa mtoto uliochuma jani hilo kisha ukaenda mdomoni.

Tukiwa hapo hapo, kagua unapoweka dawa zako. Wapo wanaozimimina katika chupa za soda au za maji na kuziweka chini ya kitanda. Watoto wamepata madhara makubwa kwa sababu ya kiu na chupa iliyofanana na soda. Dawa ibaki katika chombo chake chenye maandishi, ifungiwe mahali ambapo mtoto hafiki.

Vifaa vinavyohitajika

Havihitaji gharama. Tafuta boksi la katoni lenye urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole. Kata dirisha kubwa upande mmoja, kisha lifunike kwa kipande cha shela au pazia jepesi la zamani, ulibandike kwa gundi. Upande wa juu uwe na mfuniko unaofunguka.

Usitumie chandarua. Vyandarua vingi vinavyogawiwa siku hizi vina dawa ndani ya nyuzi zake, na dawa hiyo iliyowekwa kuua mbu itaua kiwavi pia. Zaidi ya hayo, chandarua ni kinga ya mtoto dhidi ya malaria, hakikatwi kwa ajili ya mchezo.

Chini ya boksi tandika karatasi ya kupokea kinyesi. Hapa ndugu Waislamu tuwe waangalifu: msitandike gazeti hili, wala karatasi yoyote yenye aya, hadithi au jina la Allah. Tumieni karatasi za madaftari ya zamani mlizozikagua, au karatasi za kufungia bidhaa.

Utahitaji pia chupa ndogo ya maji ya kusimamishia tawi la mlimau, na pamba ya kuziba mdomo wa chupa. Usipoziba, kiwavi atateremka kwenye tawi na kuzama. Maji hayo yabadilishwe kila siku. Maji yaliyotuama nyumbani kwa wiki moja au zaidi yanatosha kuzalisha mbu.

Mwandishi wa makala haya alijifunza umuhimu wa boksi kwa kosa. Mara ya kwanza tuliwaweka viwavi watatu katika chupa ya kioo yenye mfuniko wa kukaza, tukaiacha dirishani. Jua la saa sita lilipoipiga chupa ile, wote watatu walikufa. Mtoto wetu wa miaka saba aliuliza kama Allah atatuuliza juu yao kama alivyoulizwa mwenye paka. Sikuwa na la kujitetea. Nilimwambia kuwa sisi tulikosea kwa kutojua, tumuombe Allah msamaha, na aliyekwisha kujua hana tena udhuru. Tangu siku hiyo hakuna chupa iliyofungwa nyumbani kwetu.

Hatua kwa hatua

Yai. Kipepeo jike hutaga yai moja moja juu ya majani machanga ya mlimau. Yai ni duara, dogo kuliko kichwa cha kiberiti, rangi ya manjano hafifu. Katika joto la kawaida huanguliwa baada ya siku chache, na kwenye baridi yetu huchukua muda mrefu zaidi. Usilibandue. Kata jani lote.

Kiwavi. Chukua wawili au watatu tu, wengine waache mtini. Kazi ya kiwavi ni kula. Hujivua ngozi mara nne akiwa kiwavi, na kila anapotaka kujivua hutulia kimya kwa muda wa siku moja hivi. Watoto hudhani anaumwa na kutaka kumwamsha. Wazuieni. Kumhamisha kutoka tawi kavu kwenda tawi bichi, msimshike kwa vidole. Kateni kipande cha jani alichokalia na kukiweka juu ya tawi jipya. Majani yabadilishwe kila siku, na kinyesi kitolewe kila siku. Katika hali yetu ya unyevunyevu, kinyesi kikikaa siku mbili huota ukungu na kuleta maradhi kwa viwavi.

Baada ya wiki tatu au zaidi, kiwavi aliyenenepa huacha kula, hutoa kinyesi cha majimaji na kuzunguka boksi zima. Huo si ugonjwa. Anatafuta mahali pa kujifunga. Muwekee vijiti vikavu vilivyosimama.

Pupa. Kiwavi hujishikiza kwenye kijiti kwa nyuzi alizozitoa mwenyewe, na mshipi mwembamba wa uzi humzunguka mgongoni. Baada ya siku moja au mbili hujivua kwa mara ya mwisho na kuwa pupa. Kwa nje utamwona kama kipande cha jani au ukuni. Ndani yake viungo vya kiwavi vinavunjwa na vya kipepeo vinajengwa. Pupa hali wala hanywi, lakini si maiti. Msimbandue, msimtikise, msimpeleke juani. Kwa kawaida hukaa wiki mbili hadi tatu. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, anaweza kukaa wiki nyingi zaidi. Msimtupe kwa kukosa subira. Pupa aliyekufa huwa mwepesi na mkavu au hulainika na kunuka. Pupa anayeweka giza, na rangi za mbawa zikaanza kuonekana ndani, anakaribia kutoka.

Kipepeo. Mara nyingi hutoka asubuhi. Mbawa huwa zimekunjamana na zimelowa. Hupanda juu ya kijiti, hujining'iniza, na kusukuma majimaji ya mwili wake kuingia katika mishipa ya mbawa mpaka zinyooke. Wakati huo hudondosha maji ya rangi nyekundu au kahawia, na watoto hulia wakidhani ni damu. Waelezeni kuwa ni taka zilizobaki mwilini tangu alipokuwa pupa. Asisaidiwe kutoka, hata akionekana anataabika. Anayemchana pupa kwa huruma humfanya kipepeo kilema. Akianguka tu ndipo umwekee kijiti apande tena.

Wakati mwingine badala ya kipepeo hutoka nyigu wadogo au mainzi. Hao mama yao alitaga mayai ndani ya kiwavi alipokuwa bado mtini, au ndani ya pupa mwenyewe. Mtoto atasikitika. Mwambie ukweli, kwamba hata hao ni viumbe wa Allah, na bila wao viwavi wangemaliza majani ya miti yote.

Kanuni za usafi

Uislamu umeweka tohara kuwa nusu ya imani, na tumefundishwa kuwa mtu anapoamka asitumbukize mkono katika chombo cha maji kabla ya kuuosha, kwa sababu hajui mkono huo ulilala wapi. Itakuwaje basi mkono ambao tunajua kabisa ulikuwa kwenye kinyesi cha viwavi? Hivyo basi:

Kwanza, mtoto anawe mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni kila anapogusa boksi, majani au mdudu, asugue na chini ya kucha. Kunawa katika beseni moja watoto watano hakuna faida. Tumia kopo la kumiminia au ndoo yenye koki.

Pili, mtoto asiguse macho wala mdomo kabla ya kunawa, na asile chochote wakati wa kazi hiyo.

Tatu, boksi lisikae jikoni, wala sehemu ya kulia chakula, wala panapotandikwa mswala. Mahali pazuri ni barazani, penye kivuli, mbali na moshi wa kuni na dawa za kufukuzia mbu. Miguu ya meza iwekewe majivu kuzuia sisimizi.

Nne, vyombo vya jikoni visitumike kwa wadudu. Kikombe kilichotumika kama kizimba kisirudi kabatini.

Tano, karatasi yenye kinyesi ifukiwe shimoni au itupwe shambani, na boksi lifutwe. Likipata ukungu lichomwe, litafutwe jingine.

Sita, nguo iliyodondokewa na uchafu ioshwe kabla ya swala. Mwenye suala la undani kuhusu najisi za wadudu amuulize sheikh wa msikiti wake.

Saba, vumbi la mbawa. Wapo wanaosema unga wa kipepeo hupofusha macho. Sivyo, lakini unga huo ni magamba madogo sana, na unaweza kuwasha macho au kuamsha pumu kwa mwenye maradhi hayo. Mtoto mwenye pumu atazame kwa mbali, na kipepeo asishikwe mbawa. Magamba yakitoka hayaoti tena.

Mtoto akichomwa na kiwavi mwenye manyoya

Asijikune wala asisugue. Bandika kipande cha selotepu juu ya ngozi na kukibandua, mara kadhaa, ili kutoa manyoya. Kisha osha kwa maji mengi na sabuni, na weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Vua nguo alizovaa zifuliwe. Muwasho ukizidi nenda zahanati, usinunue vidonge kwa kubahatisha.

Manyoya yakiingia jichoni, mwoshe kwa maji safi bila kusugua na umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimtie maziwa, dawa ya majani wala chochote kingine. Na mtoto akivimba midomo au uso, au akipumua kwa shida, hiyo ni dharura. Usisubiri asubuhi.

Siku ya kuachia

Kipepeo akinyoosha mbawa, muache saa tatu au nne zikauke na kukaza. Hana haja ya kula siku hiyo ya kwanza. Mwachieni siku yenye jua, kuanzia saa nne asubuhi, wakati umande umekauka. Mvua ikinyesha mfululizo, kama ilivyo desturi ya hapa kwetu, anaweza kukaa siku moja au mbili ndani ya boksi. Muwekee maua mabichi, au pamba iliyolowa maji yenye sukari, kijiko kimoja cha sukari kwa vijiko kumi vya maji.

Aachiwe pale pale alipotolewa. Wa Tukuyu asipelekwe Kyela kwenye joto, wala wa Kyela asiletwe huku. Kama una kitalu cha miche ya michungwa, muachie mbali kidogo, maana mche mdogo unaweza kumalizwa majani na viwavi wachache. Mti mkubwa haudhuriki. Na mwenye miche michache kuokota viwavi kwa mkono ni bora kuliko kupulizia dawa uani wanapocheza watoto.

Fungueni mfuniko, rudini nyuma, muache atoke mwenyewe. Wapo watoto wanaokataa katika hatua hii. Wamemlea kwa wiki saba au nane, wamempa jina, na sasa wanataka abaki. Hapa ndipo penye malezi yenyewe. Mwambie mtoto wako kuwa amana hurudishwa kwa mwenyewe, na kwamba kipepeo anaishi wiki chache tu na ana kazi ya kufanya: kutafuta mwenziwe, kutaga, kubeba chavua ya maua. Kumzuia ni kumdhulumu. Mtoto aliyeweza kufungua mkono wake na kuachia anachokipenda amejifunza jambo ambalo watu wazima wengi linatushinda.

Tahadhari moja. Hakuna dua maalumu iliyothibiti ya kuachia kipepeo. Tusianzishe sherehe na kuifanya ibada. Inatosha kusema Bismillah na kumsifu Allah kwa uumbaji wake.

Wanaofuga kwa kipato

Baadhi ya wasomaji watauliza kama jambo hili lina kipato. Huko Gede, pwani ya Kenya, wanavijiji waliopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo tangu mwaka 1993 na kuuza pupa kwa maonesho ya nchi za nje. Pupa ndiye anayesafirishwa kwa sababu hahitaji chakula njiani. Hapa kwetu, wakulima wa Amani katika milima ya Usambara Mashariki walianza kazi hiyo miaka ya mwanzo ya 2000, nayo ikawapa sababu ya kuutunza msitu. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na wafugaji wa vipepeo nao waliguswa. Zanzibar, kijijini Pete karibu na msitu wa Jozani, wageni hulipa kiingilio kuwatazama vipepeo waliofugwa na wanakijiji. Hiyo ni biashara yenye vibali na taratibu zake. Tunachokieleza hapa ni malezi ya watoto, si biashara.

Hitimisho

Ndugu msomaji, Bukhari na Muslim wamepokea mfano aliotupigia Mtume (SAW): mtu aliyewasha moto, na wadudu warukao wakawa wanajitumbukiza humo, naye anawazuia lakini wanamshinda. Ndivyo alivyokuwa akituzuia sisi na Moto. Na katika Surat Al-Qaari'ah tumeambiwa kuwa siku hiyo watu watakuwa kama wadudu hao waliotawanyika. Jioni umeme unapowaka barazani na nondo wakaanza kugonga taa, mwite mwanao, mwelezee mifano hiyo miwili. Kisha izimeni taa ya nje mnapokwenda kulala, nondo wapone. Na mfunike vyombo vya chakula, kwani kufunika vyombo usiku ni mafundisho ya Mtume (SAW) na ni kinga ya maradhi.

Anza na kiwavi mmoja, mlimau mmoja na kipande kimoja cha sabuni. Mtoto akijua kunawa mikono kwa ajili ya mdudu, atanawa kwa ajili ya chakula chake. Na akimhurumia asiyeweza kumshitaki kwa yeyote, tunataraji atamhurumia mdogo wake, jirani yake, na wazazi wake watakapozeeka, insha'Allah.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.